Gemu Lililomnyamazisha Baba Mkwe

Habari hii nimeipata kwa mjukuu wangu Kija, Ijumaa ya juma lililopita, alipovuka na kivuko kutoka mjini akanikuta hapa Kamanga nachambua dagaa. Alianza kunihadithia kabla hata hajanywa maji. Alipomaliza, dagaa walikuwa wamekwisha na mimi nilikuwa nimekasirika hadi nikashindwa kula. Naandika kama alivyoniambia, na pale nilipoona kwa macho yangu nitasema nimeona.

Baba yake Kija ni mwanangu Machibya, anauza mbao Buhongwa. Ujanani alicheza mpira, na watu wa Butimba wanaomkumbuka watakwambia alikuwa winga mzuri sana, mpaka goti lilipogeuka. Tangu hapo Jumapili zake zote zikawa za baa, kubishana mpira na watu ambao hawajawahi kuupiga. Mwaka juzi akanunua mashine ya gemu, pamoja na lile gemu la mpira linalochezwa dunia nzima, lile linalotoka jipya kila mwaka kama kalenda.

Sitaki hasira zinifanye niseme uongo. Gemu lile ni zuri. Niliwahi kukaa sebuleni kwake msimu wa mvua, nikaona wachezaji wana jasho kwenye paji la uso. Jezi inavutwa, inarudi. Mvua ikinyesha kule ndani, bukta zinachafuka matope. Mpira ukigusa nyavu, nyavu zinatikisika. Mchezaji mmoja alianguka akashika mguu, nami nikasema pole. Machibya alicheka hadi akaweka chini kile kidude cha vitufe wanachokiita pedi.

"Mama, huyo sio mtu."

"Kama sio mtu kwa nini analia?"

Akaichukua pedi yake tena. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba akishika pedi goti lake linapona. Anakimbia pembeni mwa uwanja kama zamani, anapiga krosi. Na Jumapili alikuwa nyumbani, na mke wake Gladness alikuwa anajua yuko wapi. Hayo yote nayahesabu kwa upande wa gemu, siyapunguzi.

Ila sasa ubaya wake. Aliponunua sidii, alifika nayo nyumbani, akaiweka, gemu likamwambia subiri. Sidii imelipiwa, iko ndani ya mashine, mashine iko ndani ya nyumba yake, na bado gemu linataka bando ndipo lifunguke. Mimi hapo nilimuuliza: ukinunua ng'ombe mnadani ukamfunga zizini kwako, aliyekuuzia anaweza kutaka umpigie simu kila asubuhi ndipo umkamue? Akasema mama, teknolojia. Sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika.

Tena linauza wachezaji ndani ya maboksi yaliyofungwa. Unalipa bila kujua kilichomo, unafungua, fataki zinalia, kumbe ni kipa wa akiba wa timu ambayo hata jina lake huwezi kulitamka. Watu wazima wanafanyiwa hivyo. Na kubwa kuliko yote ni ile wanayoiita apdeti. Watu wa mbali, ambao hujui nchi yao wala sura zao, wanaingia nyumbani kwako usiku kwa njia ya bando. Wanahamisha vitu ndani ya gemu ulilolinunua, wanaondoka. Hodi hawapigi. Asubuhi unaamka unakuta kilichokuwa kulia kipo kushoto. Hapa kijijini mtu akitaka kuhamisha njia ya kwendea ziwani, lazima aite watu aseme.

Basi ni hiyo apdeti iliyotaka kumkosesha mjukuu wangu Rose mume.

Rose ni dada yake Kija. Kijana anayetaka kumwoa anaitwa Luhende, wa Magu, fundi wa majokofu yale makubwa ya samaki. Naye alikuwa anajua gemu lile vizuri. Sasa kwetu mkwe mwanaume na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na wakiwa na la kuambiana wanampitishia mtu mwingine. Kwa baba mkwe mambo ni mepesi kidogo, lakini heshima ni ileile. Machibya ndiye aliyemwita acheze naye, akasema mpira hauna mkwe. Gladness akawa anabaki jikoni Luhende akija.

Rose akaona hatari mapema. Akamwambia Luhende, "Mwachie baba ashinde."

"Nikimwachia atajua. Baba yako anaujua mpira, na akigundua namwonea huruma ndio atachukia zaidi."

"Basi tafuta namna nyingine ya kumheshimu."

Luhende akaitafuta, akaipata. Katika gemu lile, ukifunga goli, kuna vitufe vya kuchagua mchezaji wako ashangilie vipi. Mwingine anaruka sarakasi, mwingine anacheza dansi. Luhende akagundua kwamba ukishikilia kitufe chenye alama ya duara, mchezaji hashangilii. Anainamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, kama mtu anayeomba radhi kwa kukufunga. Basi kila akimfunga Machibya, alishikilia duara. Mwanangu alifurahi, akawa anawasimulia hata wateja wa mbao: "Huyu kijana amelelewa. Hata akinifunga, ananiamkia."

Siku zikaenda vizuri, mpaka ikapangwa Jumamosi ya wazee wa Magu kuja kuleta maneno ya posa. Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo, Ngosha alikwenda Buhongwa kupanga mapokezi. Ngosha ni kaka yake Machibya, mwanangu wa kwanza. Gemu halijui wala halipendi. Yeye ni mtu wa kuangalia nani amekaa wapi, nani amesalimia kwanza, nani amepokea kikombe kwa mkono upi. Alimkuta Luhende ameshafika, sebuleni na baba mkwe wake, pedi mkononi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo gemu lilikuwa limejibadilisha. Lilikula bando la nyumba nzima, Kija anasema hata meseji hazikwenda. Kilichobadilishwa hakuna aliyejua.

"Leo nakufunga mbele ya kaka yangu," Machibya akasema. "Hutakuwa na pa kukatalia."

"Nifunge taratibu, baba. Bado natafuta mke."

Hata Ngosha alicheka hapo. Kipindi cha pili Luhende akapata goli, shuti la mbali, zuri, Machibya mwenyewe akasema ahaa. Luhende akashikilia duara, kama siku zote.

Mchezaji wake hakuinama. Alikimbia kuja mbele, picha ikamvuta karibu mpaka sura yake ikajaa tivii nzima, na jasho lake na vinyweleo vyake, macho yamemkodolea Machibya pale kwenye kochi. Akaweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Angekuwa kikaragosi cha zamani, cha vidoti vidoti, nani angejali? Lakini wamemtengeneza mtu kabisa. Ndiyo maana ilimchoma.

Ngosha akaweka kikombe chini. "Amekwambia unyamaze."

"Ni gemu tu, kaka."

"Gemu linaendeshwa na nani?"

Machibya akaanzisha mpira. Luhende akawaza kidole chake kimeteleza, kimegusa kitufe kingine. Akaomba Mungu ampe nafasi ya kusahihisha. Nafasi ikaja haraka mno, kwa sababu Machibya alikuwa ameshapoteza utulivu na mabeki wake wamezubaa. Goli la pili. Luhende akabonyeza duara kwa nguvu, akalishikilia muda mrefu ili heshima ionekane vizuri mbele ya baba mkubwa. Kidole mdomoni tena, na safari hii mchezaji akatikisa na kichwa.

Machibya akabonyeza vitufe vyote ili ile picha ipite. Haikupita. Gemu lile likiamua kukuonyesha jambo, utaliona. Likarudia polepole kutoka kushoto, kisha kutoka juu, kisha kidole peke yake. Watu uwanjani wanashangilia. Nani aliamua kwamba mtu aliyefungwa lazima atazame hadi mwisho? Huyo ningependa nimwone.

Machibya akaizima tivii. Akasema kwa sauti ya chini, "Luhende, wazee wako wasije Jumamosi."

"Baba, nilibonyeza ileile ya kila siku. Ya kuinama."

"Nimeona alivyoinama."

"Mara ya kwanza mtu anaweza kukosea," Ngosha akasema. "Mara ya pili amekusudia."

Luhende akasimama, akaomba radhi, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni. Rose alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na alisikia yote.

Gladness alimsubiri mume wake mpaka Ngosha alipoondoka. "Baba Rose, kinachokuuma ni kidole au ni magoli mawili?"

"Mama Rose, haya ni mambo ya wanaume."

"Wanaume gani, hao wa kwenye tivii?"

"Mtu anayeninyamazisha nyumbani kwangu kabla hajaoa, akishaoa atanifanyaje?"

Hapo hakutania. Kija anasema baba yake alikuwa na uchungu wa kweli. Alimpenda yule kijana, na ndicho kilichomfanya aumie zaidi. Rose naye hakula siku ile wala kesho yake. Alikuwa anasema ni kosa lake, yeye ndiye aliyemwambia Luhende atafute namna ya kuheshimu.

Katikati ya juma Luhende akampigia Rose. Alikuwa amepita kwenye banda la gemu karibu na kazini kwake, akakuta vijana wananung'unika. Apdeti imehamisha ile ya kuinama, sasa ukishika duara unapata kidole. Mmoja alikuwa karibu kupigwa na rafiki yake. Rose akamwambia baba yake.

"Hao ni marafiki zake. Ulitaka waseme nini?"

"Basi washa ujaribu mwenyewe," Gladness akasema.

"Nikijaribu, itakuwa nimesema kaka yangu ni mwongo. Sijaribu."

Nisikilize hapa. Kitufe kipo, mashine ipo, jambo la kumalizwa kabla maji ya chai hayajachemka, na nyumba nzima imefungwa kamba. Na waliohamisha kile kitufe wamelala zao, hawajui kama kuna Rose duniani.

Gladness akaona akikaa kimya Jumamosi itapita. Alhamisi jioni akamwita Ngosha mwenyewe, kwa heshima zote, aje ashuhudie. Akampitishia Luhende ujumbe kwa Kija aje, ila akae barazani nje ya dirisha, kwa sababu yeye Gladness ataingia sebuleni.

"Uingie ufanye nini?" Machibya akauliza.

"Nibonyeze. Luhende akibonyeza, shemeji atasema ni ujanja. Wewe hutaki. Hawa wasichana wana upande wao. Mimi hicho kidude sijawahi kukishika, hata kukishika juu chini sijui. Shemeji, una neno?"

Ngosha akafikiri, akasema hana neno.

Wakawasha. Gemu likasema kuna apdeti nyingine. Machibya akafumba macho. Wakasubiri ule mstari utembee, ukafika karibu na mwisho, ukasimama. Kija akatoa bando lake la simu, mstari ukaendelea. Likaja tangazo la maboksi ya wachezaji. Wakaliondoa, likaja lingine. Yakaja maandishi marefu ya Kiingereza, chini yake kukubali au kutoka.

"Wanasema nini?" Ngosha akauliza.

"Hakuna anayesoma," Machibya akasema. "Ukikataa huchezi."

"Kwa hiyo unakubali usichokijua, nyumbani kwako mwenyewe, kila siku?"

Kija anasema hapo ndipo alipoona baba yake ameanza kukasirikia kitu kingine.

Mwishowe mpira ukaanza, Machibya upande mmoja, Gladness upande wa pili, pedi ameishika kama sinia la moto. Luhende yuko barazani, hamwoni mama mkwe wala mama mkwe hamwoni. Kija alisimama dirishani, katikati yao.

"Mwambie mama asukume kile kijiti cha kushoto," Luhende akasema huko nje, taratibu.

"Mama, sukuma kijiti cha kushoto."

"Mwambie nimesukuma, mtu wangu anakimbilia nje ya uwanja."

"Anasema anakimbilia nje."

"Mwambie asukume upande wa pili. Na samahani sana."

Gladness alihangaika, lakini goli halikuja, kwa sababu mwanangu, pamoja na kwamba goli lile ndilo lilikuwa linahitajika, alikuwa anakaba. Alishindwa kujizuia. Kila mpira ukisogea, beki wake anauondoa.

"Baba Rose, unacheza kweli?"

"Mkono unajiendea."

"Binti yako anasubiri nifunge na wewe unanikaba?"

Ngosha, mtu asiyependa gemu, akajikuta anasema, "Machibya, mwachie shemeji apite."

Hata hivyo hakumwachia. Ila Gladness alipiga mpira ovyo kutoka mbali, mpira dhaifu wa kuviringika, na kipa wa Machibya, kipa yuleyule anayedaka mizinga, akauinamia, ukampita katikati ya miguu. Goli.

"Umeona kipa huyu?" Machibya akasimama. "Umeona? Nimekaba vizuri, na hawa watu wameniwekea kipa kama gunia."

"Mwambie mama duara," Luhende akasema barazani. "Ashikilie duara, sasa hivi."

"Mama, duara."

Gladness akashikilia duara kwa vidole gumba viwili. Wote wakatazama. Mchezaji akaja mbele mbio, sura ikajaa tivii, jasho, vinyweleo, macho. Kidole mdomoni.

Safari hii Machibya hakubonyeza kitu. Ile picha ikarudiwa kutoka kushoto, ikarudiwa kutoka juu. Gladness akaweka pedi mezani na kumgeukia mume wake.

"Nimekwambia unyamaze?"

"Hapana."

"Shemeji, nimemwambia mume wangu anyamaze?"

Ngosha alikohoa. "Wewe hapana, shemeji. Wewe hujui hata ulichoshika."

"Basi na yule kijana hakumwambia."

"Lakini kidole tumekiona," Ngosha akasema. Hakutaka kuachia kirahisi.

"Kaka, kidole ni cha waliotengeneza," Machibya akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Mtoto wa watu alitafuta kitufe cha kuniheshimu. Mimi mwenyewe sikumwomba. Akakipata. Wao wakaja usiku wakakigeuza tusi, kwenye kitu nilichokinunua. Nimemfukuza mtu mwenye adabu nikawaacha wasio na adabu. Sasa hao nitawaita kikao wapi? Wana baba? Wana kaka? Nani atawaleta hapa wakae waulizwe?"

Swali hilo hata mimi limenishinda. Nimelifikiria tangu Kija aniambie. Mkwe akikosa, tuna pa kumwita. Jirani akikosa, tunajua mlango wake. Lakini hawa wanachukua fedha za watu, wanaingia nyumba za watu, wanabadilisha namna watu wanavyoheshimiana, na huwezi kuwaambia hata mmekosea. Gemu zuri namna ile. Wameshindwa tu kuliacha likae kama walivyoliuza.

Gladness alirudi jikoni kwanza, ndipo Luhende akaitwa ndani. Machibya akampa mkono. Hakusema maneno mengi, mwanangu hajawahi kuyaweza. Alisema, "Kaa hapo," kisha akachukua simu akampigia mjomba wake Luhende kule Magu, mbele ya Ngosha, sauti ikiwa wazi wote wasikie. Akasema kulikuwa na jambo, limekwisha, kosa halikuwa la kijana, na Jumamosi waje mapema kabla jua halijawa kali. Mjomba akauliza jambo gani. Machibya akasema akija atamweleza, kwenye simu halielezeki.

Luhende alipoaga, Machibya akamsindikiza hadi barabarani. Ngosha akala, akasifu samaki, akatandikiwa kochi lilelile la sebuleni, akaanza kukoroma kabla taa haijazimwa. Kija akalala. Rose alilala naye kitanda kimoja lakini usingizi haukuja. Alikuwa anasikiliza ukuta wa chumba cha wazazi, akiogopa baba yake asije akabadili neno.

Alimsikia anamlalamikia mama yake juu ya kipa. Kwamba kipa wa namna ile huwezi kumlipia fedha. Kwamba mpira ulikuwa unaviringika tu. Mama yake akasema, "Lala, Baba Rose. Jumamosi una wageni." Baba yake akasema, "Najua nina wageni," akajigeuza, kitanda kikalia.

Rose akangoja kidogo. Hakusikia neno lingine. Akavuta upande wake wa shuka kutoka kwa Kija, akalala.